Mkia wa Ndiga

Kuna hofu mtu anazaliwa nayo, na kuna hofu anaifuata mwenyewe. Yangu niliifuata kwa miguu yangu, asubuhi, nimefunga kanga mpya na kujipaka mafuta, nikaenda shule ya sekondari ya kijijini kwetu kama mtu aendaye harusini.

Kabla sijafika huko niseme kwanza mimi ni nani, maana mtu akisoma mambo ya kompyuta atadhani kaandika msomi. Mimi ni bibi wa Kimakonde, mlima korosho na muhogo, na kijiji chetu kiko kwenye barabara iendayo Kilambo, kwenye mto wa mpaka na Msumbiji. Darasa langu lilikuwa la watu wazima, tulisomea ndani ya ghala la korosho, wanawake watupu, watoto migongoni. Herufi nilizijua kwenye magunia kabla ya kuzijua ubaoni. Mpaka leo naandika kubwakubwa kama alama za gunia na daftari linaisha upesi. Wajukuu wanasema bibi anaandika kwa kupiga kelele. Sawa. Na hadithi zangu wanazijua: nikianza kukueleza njia ya kisimani, nitakupitisha msibani na harusini kwanza. Nivumilieni.

Jambo lenyewe ni ndiga.

Ming'oko kwetu kila mtu anaijua. Ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole. Unachimba, unachemsha kwa chumvi, unakula, na mjini Mtwara wanauza mpaka stendi. Ndiga ni ndugu yake ming'oko, lakini ni yule ndugu ambaye akija kukutembelea unahesabu visu. Ni nene, ina nyama nyingi, na ina sumu. Miaka ya njaa, ndiga ndiyo iliyowavusha wazee wetu. Ukiijua inakulisha. Usipoijua inakulewesha, na ulevi wake si wa kuamka asubuhi kichwa kinauma.

Nilikuwa na miaka kama saba, mwaka wa njaa. Jirani yetu alikuwa na binti wa rika langu, tukicheza pamoja kutwa. Mchana mmoja alitoka ndani akipepesuka, akanyoosha mkono kushika ukuta, akaukosa. Tulikuwa watoto watano pale uwanjani, tukacheka. Tulidhani anaigiza wanaume waliokunywa pombe ya mabibo. Mimi nilicheka kuliko wote, nikasimama nikamwigiza. Akakaa chini, akalala ubavu, povu likamtoka, na sisi tukaacha kucheka mmoja mmoja, mimi wa mwisho. Kabla ya magharibi walikuwa wanamwosha. Nimezika watu wengi tangu siku hiyo, mume na watoto wawili wakiwamo. Kile kicheko changu sijapata mahali pa kukizika.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kuchezea ndiga. Hilo mlishike, maana mbele huko mtaniuliza nilikuwa na akili gani.

Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama. Na kwetu ujuzi una mkia. Mtu akija kujifunza kwako, iwe dawa, iwe kufinyanga, iwe ndiga, unamwonyesha kichwa na kiwiliwili, mkia unabaki nao. Wengine huita uchoyo. Si uchoyo. Yule mtu anakwenda kwake, anajaribu, anakwama, anarudi kuuliza. Akirudi ndipo unajua kweli anautaka, na mikono yake imeshalowa kazi, basi unampa mkia. Na katikati ya hapo humwachi hivihivi. Bibi yangu alinionyesha kuchimba, kumenya, kukata vipande vyembamba, kuloweka, akanyamaza. Siku zile zote alikuwa akipita nyumbani kwetu: leo anaomba chumvi, kesho anaomba kaa la moto, kesho kutwa ati kuku wake amepotea. Sikujua kwamba alikuwa anakuja kutazama chungu changu. Kisingeweza kufika motoni kabla hajapita.

Mimi nilirudi kwake, vidole vinawasha, nikamwambia bibi, hii bado ina ukali. Akasema, "Maji yatembee." Huo ndio mkia. Ndiga hailowekwi kwenye maji yaliyokaa. Unaitia kikapuni, kikapu unakitega kwenye kijito, maji yapite juu yake siku zote zile. Huna kijito, unamwaga maji na kutia mengine, tena na tena, kutwa. Maji yaliyokaa yanatoa sumu yakaishika, na chakula kinaendelea kulala ndani yake. Na baada ya hapo bado unaigusa kwa ncha ya ulimi, ikiwasha unairudisha. Ninaandika hivi msipate kusema nimeficha tena. Lakini msijifunzie ndiga kwenye hadithi ya mtu. Mkiwa na shaka, mwageni.

Sasa shule.

Mwalimu wa baiolojia alikuwa mwanamke wa kutoka kule ziwani, Mkristo, mpole, tumbo lake limeanza kuonekana. Alikuja kwangu jioni, akakaa kwenye kigoda kabla sijamkaribisha, nikampenda hapohapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni ya miezi mingapi?"

"Mitano. Bibi, nimekuja kukuomba kitu. Nafundisha watoto sumu kwenye mimea, kitabu kinanipa mimea ya Ulaya. Watoto wananiuliza ndiga, mimi siijui. Tumekubaliana shule nne, kuanzia hapa mpaka mtoni, tuandike masomo yetu wenyewe kwa pamoja. Njoo kwenye kikao, wazee nanyi mseme."

Ndipo nikafunga ile kanga mpya.

Kikao kilikuwa chumba cha walimu. Mlangoni alisimama mlinzi wa shule, mzee Mmakua, mtani wangu wa siku zote. Aliponiona akasema, "Leo wameita mpaka makumbusho."

"Ndiyo, wamekuweka mlangoni wageni waone sampuli," nikamjibu, nikapita.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuchagua chombo cha kuandikia. Nilidhani watachagua kalamu. Kumbe vyombo vya siku hizi vina ubishi kuliko mahari. Mwalimu mmoja alisema kundi la simu lipo tayari, watume humo. Mwalimu wa kompyuta, mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, akamwambia, "Haya, nionyeshe lile zoezi la seli ulilotuma mwezi uliopita." Yule akaanza kupandisha kwa kidole. Akapandisha, akakuta picha za harusi, akapandisha, akakuta michango ya msiba, akapandisha.

"Umefika Lindi?" mtani wangu akauliza kutoka mlangoni.

Kundi la simu likafa hapo. Mwingine akasema kila mtu aandike kwenye faili, watumiane. Mwalimu wa kompyuta akafungua mashine yake, akatuonyesha faili moja limeitwa la mwisho, lingine la mwisho kabisa, lingine la mwisho jamani, yote ya somo moja, na hakuna aliyejua lipi ndilo.

Ndipo akaleta la tatu. Wanaliita wiki, na siyo hii ya siku saba. Alivyolieleza, nililiona kama daftari moja la kijiji kizima. Jambo moja, ukurasa mmoja. Mwalimu yeyote wa shule zile nne anaweza kuongeza, kufuta, kusahihisha. Chini ya kila ukurasa pana uwanja wa kuulizana. Na daftari lina kumbukumbu: nani kaandika nini, siku gani, hata alichofuta kinaonekana ukibonyeza mahali. Wakabishana tena, liwekwe mtandaoni au la. Kule mtoni simu zinashika mnara wa Msumbiji, mtandao wetu unakuja kama mvua ya kiangazi. Wakakubaliana kila shule iwe na kimashine chake chenye nakala, na yeye mwalimu wa kompyuta awe anazunguka na pikipiki kila baada ya wiki mbili, flashi mfukoni, kukusanya yaliyoandikwa huku na kuyapeleka kule. Niliona wamefanya vizuri. Mpaka leo naona walifanya vizuri. Kosa halikuwa la chombo.

Mimi nikanyoosha mkono. "Mtu akibadilisha maneno yangu?"

"Anaruhusiwa, bibi. Ndiyo maana yake. Akikosea, mwingine anamrekebisha."

"Ndiga hairekebishwi, mwanangu. Ukikosea ndiga unachimba shimo la pili."

Mwalimu wa baiolojia akasema tunaweza kuufunga ukurasa huo mmoja wa ndiga: usomwe, usiguswe, uwanja wa maswali tu uachwe wazi. Mwalimu wa kompyuta akakuna shingo. "Ukiufunga unakuwa kitabu tu."

"Kitabu kina ubaya gani?"

"Mfungieni," mtani wangu akasema. "Huyu hata chumvi yake analala nayo."

Ukafungwa. Nilitoka pale nimenyooka mgongo.

Siku iliyofuata nilikaa na mwalimu wa baiolojia, mimi nasema, yeye anagonga. Nilimpa kichwa, nikampa kiwiliwili: kuchimba, kumenya, kukata, kuloweka, siku ngapi. Nikafika mahali pa mkia, nikanyamaza. Sikupanga. Mdomo ulijifunga wenyewe kama unavyojifunga mbele ya chakula cha watu. Nilijiambia atarudi, huyu ana moyo, atakwenda kuloweka kidogo nyumbani kwake, atawashwa, atakuja, na mimi nitakuwa nimeshapita kwake mara tatu kuomba chumvi.

"Ndiyo mwisho, bibi?"

"Kwa leo ndiyo mwisho."

Yeye akaandika akaweka nukta. Neno langu la kwa leo hakuliandika, na angeliandikaje? Baada ya siku chache alipewa likizo ya uzazi mapema, kwa sababu miguu ilivimba, akasafiri kwao ziwani. Nilimfungia karanga za njiani. Nikarudi kuendelea na mikorosho yangu, kufyeka chini, kuangalia maua, na lile jambo likalala. Kusema kweli lilikuwa linageuka usiku mara mojamoja. Nalo nililiambia litulie, ukurasa umefungwa, hakuna atakayeugusa.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Kwamba ukifunga mlango, kilichomo ndani hakitoki.

Alhamisi moja, saa nne ya asubuhi, nilipita shuleni kupeleka mihogo ya uji. Mwalimu wa kompyuta alikuwa kivulini, mashine mapajani, alirudi safari ya mtoni jioni ya jana yake. Akaniita kwa furaha.

"Bibi, ukurasa wako umepata wageni. Kuna swali, la yule mwalimu wa kike wa shule ya mtoni." Akanisomea taratibu. "Tumeipenda sana hii. Tumechimba ndiga, tumekata kama ulivyosema, tumeloweka kwenye ndoo jikoni. Swali langu: maji yabaki yaleyale mpaka mwisho au yabadilishwe? Tunapika Alhamisi, maonyesho ya vyakula vya asili, wazazi watakuwepo. Ahsante bibi."

Mihogo nilikuwa nayo kichwani. Sikumbuki ilishukaje.

"Alhamisi ipi?"

Akaangalia. "Aliandika wiki iliyopita. Ni..."

"Leo ni siku gani?" niliuliza, na nilijua.

Nilimwona yule binti ananyoosha mkono kwenye ukuta. Miaka sitini imepita na mkono ule bado unaukosa. Nikamwambia mwalimu piga simu, waambie wasile. Hakuniuliza kwa nini, uso wangu ulimtosha. Akapiga, akajibu mwanamke kwa Kireno, sauti ya mashine. Akapiga tena, Kireno. Akamtafuta mkuu wa shule ya kule, Kireno. Akasema ataubadilisha ukurasa sasa hivi, halafu akajisikia mwenyewe anavyosema, akafunga mashine. Akiubadilisha hapa, kule utafika siku atakayoupeleka.

"Panda," akasema.

Nilikuwa sijapanda pikipiki tangu nivunjike nyonga. Mtani wangu alinisukuma juu kama gunia, akanifunga kanga ya pili miguuni isiingie kwenye tairi. Siku hiyo hakunitania. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Njia ya kwenda mtoni naijua kwa miguu, naijua kwa lori la muhogo. Kwa pikipiki sikuiona. Nilifumba macho nikawa nahesabu. Watoto wa shule ile wangapi? Wazazi wangapi? Vipande vingapi kwa sahani? Nikasoma dua zote ninazozijua, zikaisha, nikazianza upya. Katikati ya dua nikajikuta natafuta maneno ya kujitetea. Nasema ukweli. Watu wako njiani kufa na mimi nilikuwa natunga la kusema. Mchanga ulitutupa mara mbili. Mara ya pili nilimwambia mwalimu, kwa sikio, "Nyote mtajua ni mimi." Upepo ulilichukua, sidhani alisikia.

Tulifika kukiwa na turubai limefungwa, viti vimepangwa, wazazi wameketi, mgeni rasmi anahutubia. Pembeni pana meza ndefu ya vyakula, na wanafunzi wawili wanapakua kutoka kwenye sufuria kubwa, mvuke unapanda. Sahani ya kwanza ilikuwa imeshafika mkononi mwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akaweka kipande mdomoni.

Sikupiga kelele. Nilikwenda moja kwa moja, mguu mzima mbele na mbovu nyuma, nikaipiga sufuria ile teke. Maji ya moto yakanimwagikia mguuni, sikuyasikia mpaka jioni. Yule mama nikampiga mkono, sahani ikaruka, nikamshika taya nimtapishe.

"We bibi una wazimu?"

"Tema."

"Niteme nini?"

"Tema, nakuambia, ni ndiga."

Akanitazama, akamalizia kutafuna polepole, akameza. "Ming'oko hii, bibi," akasema. "Mimi nimezaliwa hapahapa. Unadhani sijui ming'oko?"

Nikaangalia chini. Vidole vyembamba vimetapakaa mchangani. Ming'oko, kweli, ya chumvi, imeiva vizuri. Watu wakaanza kucheka, kwanza nyuma, halafu wote, mgeni rasmi naye kikaratasi kimemziba mdomo. Nikasikia mzee mmoja akisema bibi wa watu ana njaa mpaka anapigana na sufuria. Niliwashukuru moyoni kwa kicheko kile. Nilitaka wacheke mpaka jua lizame.

Lakini mwalimu wa kike, mwenye swali, hakucheka. Alikuwa binti mwembamba wa hukuhuku mtoni, ushungi wa kijani. Alinishika mkono akaniambia taratibu, "Ndiga bado, bibi. Tunaipika baada ya hotuba. Njoo."

Nyuma ya jiko palikuwa na ndoo mbili, zimefunikwa kitenge. Akafunua. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na povu limekaa juu halitikisiki. Maji yaleyale ya siku ya kwanza. Kuni zilikuwa zimepangwa kwenye mafiga, sufuria ya pili imekaa juu, tupu, inangoja. Nikakaa chini palepale, kwenye majivu.

Walikuja mkuu wa shule na baadhi ya wazazi na mwalimu wangu wa kompyuta. Nikawaambia ile ni sumu, imwagwe mbali na kuku, maji yalipaswa yatembee. Mkuu wa shule akauliza, "Mbona ukurasa hausemi?"

Nikasema, "Mashine imekula maneno."

Ndiyo. Nilisema hivyo, nimekaa kwenye majivu mbele ya zile ndoo. Na walinikubalia haraka, kila mmoja ana kisa chake cha mashine. Mama yule wa ming'oko akasema hata simu yake inakula salio. Nikaanza kupumua.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa amechutama. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Kama imekula maneno kwenye ukurasa huu," akasema, "basi inaweza kuwa imekula kwenye kurasa nyingine. Kuna ukurasa wa kuumwa na nyoka. Kuna wa dawa za mikorosho. Leo hii nizime zote, shule zote nne. Kazi ya miezi yote hii ya walimu. Siwezi kuacha watoto wasome kitu chenye matundu." Akamwangalia yule mwalimu wa kike, naye alikuwa ameandika nyingi kati ya hizo, machozi yakawa karibu. Mwalimu akatoa mashine kwenye begi. "Ngoja kwanza niangalie kumbukumbu. Kila herufi iliyoingia na kutoka ipo."

Alipoifungua niliogopa kuliko nilivyoogopa njiani. Njiani niliogopea watu. Sasa nilikuwa najiogopea mwenyewe. Kioo kile kilikuwa kinakwenda kusema, kwa siku na saa, kwamba mimi nilinyamaza.

"Usihangaike," nikasema. "Haijakula kitu. Neno sikulitoa."

"Ulisahau, bibi," yule binti akasema kunisaidia.

"Sikusahau."

Nikawaeleza mkia. Wazee waliokuwepo waliinamisha vichwa, walijua nasema nini. Baba mmoja akauliza kwa ukali, na alikuwa na haki, "Kwa hiyo ulikuwa unawangoja watoto wetu warudi kutoka kaburini wakuulize?" Nilisema tu kwamba bibi yangu alikuwa anapita kuomba chumvi, na mimi sikujua nitapitaje ndani ya kompyuta.

Mwalimu wa kike aliinama akaokota kipande kimoja kwenye ndoo, akakitazama, akakirudisha. "Mimi nilirudi, bibi," akasema. "Si nilirudi kuuliza? Lile swali langu ndilo kurudi kwangu."

"Ulirudi," nikamwambia. "Mimi sikuwepo."

Tulizimwaga ndiga zile shimoni, tukafukia. Ndoo tuliziosha mara tatu kwa mchanga. Kisha mwalimu wa kompyuta akaufungua ukurasa wangu palepale jikoni, akaondoa kufuli, na nikasema mkia wote, yule binti akiandika, akiniuliza kila mahali asipoelewa. Mwisho nikamwomba mwalimu aifute ile nakala ya kwanza isionekane tena.

"Haifutiki, bibi. Mpya itakuwa juu. Ya zamani inakaa chini, anayetaka anaiona."

"Na jina langu?"

"Na jina lako."

Mwalimu akazunguka shule zote siku mbili zilizofuata, bila kulala vizuri, akabadilisha nakala na kuchana karatasi ambazo shule zilikuwa zimechapa kutoka kwenye ukurasa wangu. Kuna karatasi moja hatukuipata. Mwanafunzi aliichukua akampelekea shangazi yake ng'ambo, Msumbiji. Tumetuma salamu kwa wavushaji wa mtumbwi. Jibu halijaja.

Mwalimu wa baiolojia alijifungua salama, mtoto wa kike. Alipiga simu akalia, akasema kosa ni lake kwa sababu hakuniuliza mara mbili. Nikamwambia nyonyesha, haya mengine niachie mimi.

Sasa kila Alhamisi nakwenda shuleni kusomewa maswali. Mtani wangu ameanza kunitania tena, ananiuliza leo nimekuja kupiga teke sufuria gani. Namwambia yako. Halafu nakaa, na mwalimu anafungua, na kabla hajasoma moyo unagonga mpaka kwenye meno.

Wiki iliyopita swali lilitoka shule ya upande wa Mikindani, wamejiunga juzijuzi. Wanasema kwao hakuna kijito karibu, kuna bahari. Ndiga ikitegwa kwenye maji ya bahari, maji yanayopanda na kushuka, si yanatembea hayo?

Nilikaa kimya kirefu, mpaka mwalimu akadhani ni mkia tena. Haukuwa mkia. Nilikuwa namtafuta bibi yangu kichwani nimuulize, na ninamwona amesimama na kikapu, mdomo umefungwa. Kwake mimi nilirudi mara moja. Alinipa lile la maji, nikaridhika, sikurudi tena, na mwaka uliofuata alikufa. Miaka yote nimejiita mjuzi wa ndiga, na sasa sijui kama ule aliotoa ulikuwa mkia mzima.

"Andika," nikamwambia mwalimu, "sijui. Wasijaribu. Na jina langu weka."